Barua ya Tatu ya Atuganile

Kisa hiki alikisimulia kwanza shangazi Tumpe, kwenye arusi ya mdogo wake, mwaka 1983.

Katika kiwanda kimoja cha chai huko Rungwe, kazi ilianza saa moja asubuhi kwa wote, wakubwa na wadogo, na aliyefikisha barua tatu za onyo alifukuzwa. Atuganile alikuwa na mbili. Siku aliyochelewa tena, msimamizi wake, Mwakitalu, alimwita ofisini huku akichekelea.

“Leo ni ya tatu, mama. Kafungashe vyombo.”

“Sawa, Bwana Mwakitalu. Ila meneja atataka shahidi.”

“Shahidi ni mimi! Si nilikuona kwa macho yangu?”

“Basi andika vizuri, nisije nikakana. Uliniona wapi, saa ngapi.”

“Naandika! Darajani, saa tatu kasoro robo, ukitembea kwa maringo kama bibi arusi.”

“Na ulivyonipita na pikipiki yako ukanirushia tope?”

“Hata tope naliandika!”

Akaandika yote, akagonga muhuri. Atuganile alitia sahihi bila kunung’unika, akaipeleka barua mwenyewe kwa meneja.

Meneja aliisoma mara mbili, kisha akamwita msimamizi.

“Mwakitalu, saa tatu kasoro robo ulikuwa darajani unatoka wapi?”

“Mimi? Mimi sikuwapo darajani, Bwana Meneja!”

“Kama hukuwapo, hukumwona,” alisema meneja, akaichana barua.

Meneja na Mwakitalu wameshafariki. Atuganile yu hai.