Gauni la Tumpe

Ndugu zangu, kabla hatujaendelea na somo letu, nipeni dakika chache niwasimulie habari za mama mmoja mshonaji. Tumwite Subilaga. Alikaa huko kwenye milima ya kahawa, cherehani yake ikiwa barazani, na alikuwa na rafiki aliyekua naye tangu utotoni. Huyo tumwite Tumpe.

Walikuwa kwaya moja. Enzi zile, wiki za kuelekea Krismasi, walishuka bondeni kwa miguu, wasichana kumi na wanne, viatu wamevishika mkononi visichafuke matope. Tumpe alianzisha wimbo huko mbele, na wachumaji wa kahawa wakaweka ndoo chini wasikilize. Subilaga aliimba sauti ya pili. Alikuwa akisema kwamba bila Tumpe yeye hajui hata wimbo unaanzia wapi. Njiani walinunua ndizi za kuchoma, wakala huku wakicheka mpaka mbavu zinauma, wala hakuna aliyekumbuka baadaye kilichowachekesha. Ninyi hamna siku kama zile? Mimi ninazo.

Miaka ikaenda. Wakaolewa, wakazaa, watoto wakatawanyika. Kisha mume wa Tumpe akafariki ghafla. Siku ya mazishi, mchungaji akiwa anahubiri kaburini, Tumpe akapaza sauti mbele ya watu wote: "Nyamaza! Wewe hukumjua!"

Tangu siku ile akajifungia ndani. Kahawa yake ikaivia mitini, ikadondoka. Madirisha hayafunguliwi. Kula, mpaka akumbuke.

Subilaga akamwendea. Mnajua alimwambia nini? Yale yale tunayosema sote. "Acha mawazo, dada. Mshukuru Mungu kwa uzima. Hukumbuki tulivyokuwa tukiimba?"

Tumpe akageukia ukutani. "Yule aliyekuwa akiimba alizikwa siku ile. Watu wananichukia. Nenda, Subi."

Subilaga akarudi nyumbani amenyong'onyea. Alikuwa amekwenda kumwinua mwenzake, akamwacha chini zaidi ya alivyomkuta. Ndipo akasikia kwamba zahanati inafundisha watu wa kawaida jinsi ya kumsaidia mtu aliyelemewa na mawazo, Jumamosi sita mfululizo. Akajiandikisha. Mama wa miaka hamsini na tatu, miwani imefungwa kwa uzi wa kushonea, akakaa benchi moja na vijana.

Nesi aliyewafundisha alisema hivi: "Jambo linatokea, tunaliwazia, moyo unaumia, halafu tunatenda kufuatana na yale maumivu. Lakini wazo ni wazo, huenda ni kweli na huenda si kweli. Usibishane na mtu juu ya wazo lake. Muulize. Kisha mkalipime pamoja, kwa kitu kidogo."

Subilaga akanyoosha mkono. "Na akisema watu wanamchukia?"

"Muulize amejuaje."

Basi akarudi kwa Tumpe na daftari. Safari hii hakushauri. Akauliza, "Umejuaje kwamba wanakuchukia?"

Tumpe akajibu, "Hawaji."

"Na wewe ukienda walipo, unadhani itakuwaje?"

"Nikiingia watanyamaza wote."

Wakaliandika hilo. Alhamisi wakabeba mahindi kidogo wakaenda mashine ya kusaga. Na ndugu zangu, Tumpe alipoingia, wanawake wakanyamaza kweli! Subilaga alitamani ardhi immeze. Alidhani amemmaliza mwenzake kwa mikono yake mwenyewe. Halafu mama mmoja akasogeza debe lake, akasema, "Pita mbele, mama, wewe una kidogo." Mwingine akamshika mkono. "Tulitaka kuja kukuona. Tuliogopa. Tulidhani hutaki kumwona mtu."

Jioni ile Tumpe aliandika kwa mkono wake: *Walinyamaza. Waliogopa. Hawakunichukia.* Akala ugali akamaliza.

Haikuwa rahisi baada ya hapo, nisiwadanganye. Kuna wiki alizorudi kitandani, na Subilaga akaketi tu karibu naye na daftari limefungwa. Lakini masika yalipokwisha, madirisha yalikuwa wazi, na Tumpe alikuwa anachuma kahawa yake, mistari miwili kwa siku.

Hapo Subilaga akaona kazi imebaki moja. Akanunua kitambaa cha kwaya, akashona gauni wiki nzima kwa siri, huku akiimba peke yake ile sauti ya pili. Hakumpima Tumpe. Vipimo vyake alivijua kwa moyo. Akalipeleka limekunjwa vizuri.

Tumpe akalivaa. Likamning'inia mabegani kama la mtu mwingine. Akalishika shingoni, akamtazama rafiki yake.

"Dada, umeniuliza maswali mengi tangu tulipoanza. Moja hukuniuliza."

"Lipi?"

"Kama nataka kuimba."

Subilaga akaketi. Machozi yakamtoka, na katika kulia kwake akatambua jambo lililomtia aibu: hakuwa anamlilia Tumpe. Alikuwa analilia ile njia ya bondeni, na ujana wake mwenyewe. Miezi yote ile alikuwa akimtafuta msichana mmoja wa kwaya, na huyu mama mjane alikuwa njia tu ya kumfikia.

Alipojifuta uso akauliza, kwa sauti ndogo, "Basi unataka nini?"

"Nataka mtu wa kuchuma naye kahawa. Asiniambie nilivyokuwa."

Wakachuma pamoja msimu ule na misimu iliyofuata. Tumpe hakurudi kwaya hata siku moja. Akija kanisani alikaa benchi la nyuma, na wimbo ukianza hakufungua kinywa, lakini alikuwepo.

Sasa sisi. Tunakwenda kwa walioumia moyo, na tunafanya vizuri kwenda. Tujifunze pia namna ya kuwasaidia. Upendo usiojifunza huumiza watu, tumeona. Lakini mama unayemwuguza, kaka yako aliyeacha kuongea, mke wako asiyecheka tena, unataka apone kwa ajili ya nani? Unamtaka yeye, au unamtaka yule wa zamani kwa sababu wewe ulikuwa na furaha alipokuwa vile? Kukumbuka si dhambi. Subilaga alikumbuka mpaka uzeeni. Ila aliyeko kitandani leo ana jina, anasikia hatua zako mlangoni, na anajua kama umekuja kumwona yeye.

Mpendwa, ukifika kwake leo mchana, keti. Muulize anataka nini. Kisha unyamaze, umsikilize mpaka amalize.