Mwanamvua Hakupiga Kelele

Hapo zamani, wala si zamani ya kumfanya mtu aseme hayo hayakutokea, kulikuwa na kisiwa kiitwacho Ukombe. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna taratibu, maana hadithi hii ni ya watu waliokatazwa kupiga kelele, na sauti yangu leo ni ndogo.

Ukombe kilikuwa kisiwa cha mchanga na mikoko, na mali yake yote ilikuwa tope. Usicheke. Maji yakitoka, tope lilienea mpaka macho yachoke, na ndani yake mlikuwa na chaza, kombe na kaa. Wanawake walichimba, wakachemsha, wakaanika, wakauza bara. Samaki wakati wa upepo wa kusi ni wa kubahatisha, lakini tope halikumnyima mtu, ilimradi lisichoshwe.

Sasa utajuaje kama tope limechoka? Watu wa Ukombe waliwauliza ndege. Kila mwaka, mwezi wa nane ukielekea kuisha, ndege walishuka kutoka kaskazini, huko ambako kiangazi chao kinakuwa kinakwisha. Walikuja vitwitwi wadogo, mbio mbio kama watoto waliotumwa chumvi. Walikuja sululu wenye midomo iliyopinda kama mundu. Wote hula katika tope lile lile. Ndege wakiwa wengi, tope lina chakula, watu wachimbe. Ndege wakiwa wachache, tope limechoka, mtu asiingize mkono mwaka mzima. Ndiyo desturi yao, na msiniulize nani aliianzisha.

Ndege walihesabiwa siku ya bamvua, maji yanapojaa kupita siku zote. Siku hiyo tope lote hufunikwa, na ndege hawana pa kusimama ila fungu moja la mchanga. Wahesabuji walilizunguka fungu, kila mtu na upande wake, kila mtu na mfuko wake wa simbi, zile kauri ndogo za pwani. Akihesabu kundi la ndege, anatoa simbi moja, anaifunga kwenye pindo la kanga. Alasiri simbi za wote humiminwa ndani ya chungu kimoja chenye mstari shingoni. Zikifika mstarini, tope limefunguliwa. Zisipofika, limefungwa.

Na sharti lilikuwa moja. Siku ya ndege hakuna kupaza sauti. Watoto walikatazwa kucheza ufuoni, na majogoo walifunikwa kwa matenga. Ndege wakishtuka wakaruka, hesabu imeharibika, na kabla ya bamvua nyingine wengi wao watakuwa wameshakwenda zao kusini.

Katika kisiwa hicho kulikuwa na mjane aitwaye Bi Mize, na Bi Mize alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana aitwaye Mwanamvua. Macho ya Mwanamvua yalikuwa makali kuliko ya wote. Pale ambapo wewe ungeona kokoto, yeye aliona kitwitwi amelala kwa mguu mmoja. Kwa hiyo kila mwaka alihesabu.

Mwaka mmoja, wakati wa kuhesabu, alikanyaga taa, yule samaki bapa, majini. Mwiba wa taa mnaujua? Kama hamuujui, mshukuruni Mungu. Mwanamvua akapiga ukelele mmoja. Mmoja tu! Ndege wote wakaruka, jua likafichika kwa mbawa, na hesabu ikawa imekwisha. Tope likafungwa mwaka mzima.

Mwaka ule njaa ilikuwa njaa kweli. Bwana Shaame, mkuu wa hesabu, alimzika mjukuu wake aliyekuwa ndio kwanza anatambaa. Na kisiwa kizima kikampa Mwanamvua jina jipya. Kikamwita Kelele. Kelele huyo anapita. Kelele, mguu umepona? Kelele, umetulaza na njaa, wewe umekula nini? Wadogo walimwita hivyo, na wakubwa walimwita hivyo. Zamani alikuwa akiimba kisimani. Akaacha kuimba.

Mwaka ukazunguka, ndege wakashuka tena. Asubuhi ya siku ya kuhesabu, Bi Mize alimfunga binti yake kanga kiunoni, akaikaza vizuri. Wanawake jirani walikuwa pale, na walisikia.

"Mwanangu," alisema Bi Mize, "nakuomba. Watu wametuchoka. Leo hata ukifa, usipige kelele."

"Sipigi, mama," alisema Mwanamvua.

Walipofika fungu la mchanga, Bwana Shaame alimpanga kila mtu mahali pake. Kwa Mwanamvua alinyosha mkono mbali, ng'ambo ya mkondo.

"Wewe utasimama Mwamba wa Mkia," alisema.

Shoga yake Mwanamvua, Bikombo, aliyekua naye tangu wakiwa wa kubebwa mgongoni, alinong'ona, "Bwana Shaame, bamvua hii ni kubwa. Mwamba ule si utafunikwa?"

"Maji hufika magotini tu. Nimehesabu kabla mama yako hajaolewa. Akae mbali na ndege, tupumue."

Mwanamvua hakubisha. Alivuka mkondo kabla haujajaa, akapanda mwambani, akaanza kuhesabu. Bikombo alisimama ng'ambo ya huku, akitazamana naye. Maji yakaja. Ndege wakasogea, wakabanana, mpaka fungu lote likawa halionekani mchanga. Mwaka ule walikuwa wengi. Aliyewaona alitaka kulia kwa furaha, lakini hakuna aliyepaza sauti.

Maji yakafika magotini. Yalipaswa kukomea hapo. Hayakukoma.

Mwanamvua akataka kusogea upande wa juu wa mwamba. Mguu ukaingia kwenye ufa wa mwamba. Akauvuta, haukutoka. Akainama, akauvuta kwa mikono miwili, haukutoka. Akasimama wima. Na Bikombo, kwa macho yake, alimwona akitazama ndege, akitoa simbi, akifunga pindoni. Maji yalikuwa kiunoni na mtu anaendelea kuhesabu.

Nyuma ya fungu, umbali wa sauti moja, wanaume walikuwa wakishona nyavu kando ya mitumbwi yao. Sauti moja tu ingewatosha.

Bikombo alifungua mdomo. Na hapa ndipo watu wa Ukombe wanapobishana mpaka leo. Bikombo alisema kwamba Mwanamvua alimwona, akatikisa kichwa, akaweka kidole midomoni. Nyamaza. Wapo waliomwamini, na wapo waliosema hayo ni maneno ya mtu aliyeogopa kuitwa Kelele wa pili. Mimi sikuwepo.

Bikombo alifunga mdomo wake. Akakimbia, lakini kimya kimya, kwa vidole vya miguu, akiwazunguka ndege kwa mbali. Alifika kwa Bwana Shaame akamnong'oneza sikioni, "Mwanamvua amenasa. Maji yako kifuani."

Bwana Shaame aligeuka, akatazama ng'ambo. Akatazama ndege. Makundi yaliyobaki kuhesabiwa hayakuwa mengi.

"Pita nyuma, waite wanaume," alinong'ona. "Haraka, lakini usiwarushe ndege. Yule msichana ni mrefu. Mtawahi."

Bikombo akapita nyuma. Mtumbwi ukasukumwa majini bila neno, makasia yakaingizwa taratibu. Ulipofika Mwamba wa Mkia, hapakuwa na kichwa juu ya maji. Palikuwa na maji tu.

Hakuna ndege hata mmoja aliyeruka.

Walimleta ufuoni. Alasiri ile chungu kililetwa, kwa sababu desturi haijui msiba. Wahesabuji wakamimina simbi zao. Zikapanda, zikapanda, zikakomea chini ya mstari, upana wa kidole. Watu wakatazama chini. Walikuwa wanafikiria jambo moja, na walilionea haya.

Bi Mize ndiye aliyeinuka. Alipiga magoti kando ya mwanawe, akafungua lile pindo alilolikaza mwenyewe asubuhi. Lilikuwa limelowa, likamsumbua, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akazileta simbi kwa viganja viwili.

"Zimimineni," alisema. "Hizi ndizo alizozifia."

Zikamiminwa. Zikafika mstarini, zikaupita, na moja ikadondoka mchangani. Tope likawa limefunguliwa, na kisiwa kizima kikalia, na hata leo sijui kililia kwa lipi.

Lakini subirini. Ukombe walikuwa na desturi nyingine. Mtu akifa kwa kosa la mtu, tope halikanyagwi mpaka mwenye msiba amtaje mwenye kosa. Humtaja mmoja, si wawili, na anayetajwa huhama kisiwa asirudi tena. Mwenye msiba asipotaja, tope hubaki limefungwa, chungu kijae au kisijae.

Mnaona alipowekwa yule mama? Akikaa kimya, mwanawe amekufa bure.

Siku ya kuanua matanga watu walijaa mbele ya nyumba ya Bi Mize. Wanawake walikuja na vikapu vya kuchimbia, wakavificha nyuma ya migongo yao. Watoto walikuwa wamekonda. Maji yalikuwa yanatoka, na ndege walikuwa wametawanyika topeni, wanakula.

Bi Mize alikaa jamvini. "Nataka kusikia," alisema. "Kisha nitataja."

Bwana Shaame alisimama wa kwanza. "Bi Mize, ni kweli nilimweka mwambani. Ni kweli sikuita. Lakini miaka yote maji yalifika magotini, na mimi si mpanga maji. Mwaka jana mlinikuta nikichimba kaburi la mjukuu wangu, urefu wa mkono wangu huu. Ningepaza sauti, mwaka huu tungechimba mangapi? Nilidhani nitawaokoa wote. Nilidhani na yeye ataokolewa. Kama nia inahesabiwa, usinitaje."

"Na kumweka mbali kule?" aliuliza Bi Mize. "Ilikuwa kwa ajili ya hesabu, au kwa ajili ya mjukuu wako?"

Bwana Shaame aliinamisha kichwa. "Sijui," alisema, na machozi yakamtoka, mzee mzima. "Wallahi sijui."

Bikombo hakusimama. Alitambaa mpaka kwenye jamvi, akashika miguu ya Bi Mize. "Mama, mimi ndiye niliyemwona. Bwana Shaame aliambiwa, mimi niliona. Aliniwekea kidole midomoni nami nikamtii. Alikuwa ameteseka mwaka mzima kwa ukelele mmoja, nikasema nisimharibie siku yake. Siku yake, mama! Sauti ilikuwa hapa kooni, nikaimeza, na bado iko hapa. Nitaje mimi nikapumzike."

"Alikuwekea kidole kweli?"

"Kweli, mama."

"Uso wake ulikuwaje?"

Bikombo alilia kwanza. "Alikuwa anaogopa," alisema.

Watu wakainama. Wanaume wa nyavu wakasema kwa zamu, sisi hatukusikia kitu, tungesikia tungefika. Nao walisema kweli.

Ndipo Bi Mize alipozungumza, na alizungumza polepole. "Bwana Shaame alimweka mwambani. Bikombo alimwona akakaa kimya. Lakini asubuhi, kabla ya mwamba na kabla ya maji, kuna mtu alimwambia, hata ukifa usipige kelele. Wanawake wa hapa walimsikia. Nilisema kama mama yeyote anavyosema. Nikisema nitakuua, nani amewahi kuniona nikiua? Nilisema tu. Na mwanangu alikuwa mtoto msikivu."

Bi Mize akawatazama wote, kuanzia mstari wa mbele mpaka kwa wale waliosimama uani.

"Na ninyi," alisema, "ni nani aliyeanza kumwita Kelele?"

Wanawake walivitazama vikapu vyao. Mmoja alimziba mtoto wake mdomo, sijui alikuwa anataka kusema nini.

Bi Mize akainuka. Nje, maji yalikuwa yameshatoka yote, na tope liling'aa mpaka macho yachoke. Akimtaja Bwana Shaame, anamfukuza mtu aliyetaka kukiokoa kisiwa kile, akamtoa mtoto wa mwenzake kwa ajili ya watoto wa wengi. Akimtaja Bikombo, anamfukuza mtu pekee aliyempenda mwanawe na kumkimbilia. Akijitaja mwenyewe, ni nani atakayepalilia kaburi la Mwanamvua? Kisiwa kizima hawezi kukitaja, maana nani angebaki kuchimba? Na akimtaja marehemu, kwamba alijinyamazisha mwenyewe, basi amemwonea mara mbili.

Aliinua mkono, akanyosha kidole. Hapo ndipo alipofika, na hapo ndipo ninapomwacha, mkono wake ukiwa umenyoshwa na watu wote wamezuia pumzi.

Sasa ni zamu yenu, na msininong'oneze. Semeni kwa sauti. Hapa hakuna ndege wa kurushwa.

Je, nani alistahili kunyoshewa kidole kile?