Paka wa Mghoi na Ua wa Miiba

Paka hajui mpaka.

Bibi Mkamburi alipotamka maneno hayo, wajukuu waliokuwa wakiambua maharage pamoja naye waliacha kazi.

"Bibi, paka na mpaka, wapi na wapi?"

"Endeleeni kuambua," akawaambia, "nami niwaeleze msemo huu ulikotoka."

Huko milimani Taita aliishi mwanamke aitwaye Mghoi, msusi wa vikapu vya mkonge. Nyuzi zake alizitia rangi kwa magome ya miti, na kikapu chake ulikitambua hata kikiwa sokoni kati ya mia. Alikuwa na paka wa kijivu, jina lake Majivu, aliyelala miguuni pake kila Mghoi alipokuwa akisuka.

Jirani yake alikuwa Wakesho. Wawili hao waliolewa na ndugu wawili, na bustani zao zilipakana. Mwaka mmoja maboga ya Wakesho yalitambaa yakavuka mpaka. Mghoi akachukua panga akayakata, pamoja na matunda yake machanga. Kesho yake Wakesho akajenga ua wa miiba. Tangu siku hiyo hawakuamkiana. Hata kisimani, mmoja akifika, mwenzake huondoka.

Basi ikaja masika. Mvua ya kwanza ilinyesha siku mbili, ardhi ikalainika, majani mabichi yakachipua kila mahali, na watu wakatoka na majembe wakiimba. Mghoi naye alifurahi, ila Majivu alikuwa amepotea, naye alikuwa na mimba kubwa. Mghoi alimtafuta darini, akamtafuta migombani, akaita hata sauti ikamkauka. Siku ya tatu aliona manyoya ya kijivu yamenasa kwenye tundu dogo la ule ua.

Alisimama pale muda mrefu. Kisha akazunguka hadi mlangoni kwa Wakesho.

"Hodi."

"Karibu."

Wakesho alikuwa ameketi tu, jembe limeegemezwa ukutani, ingawa kila mtu alikuwa shambani. Pembeni mwake Majivu alijilaza ndani ya kikapu, akiwanyonyesha watoto wanne. Mghoi alikitazama kikapu kile akakitambua. Alikisuka mwenyewe, zawadi ya harusi ya Wakesho.

"Bado unacho?" akauliza.

"Nikipeleke wapi, dada? Ndicho nilichokuwa nikiwekea mbegu."

"Na mbegu ziko wapi?"

"Panya wamezimaliza. Nilifunua kikapu nikakuta maganda. Usiku ule ule paka wako akaingia, akazalia humo. Nilitaka kumfukuza, kisha nikasema, huyu hakunikosea."

Mghoi akaketi chini bila kungoja kiti. Alijua kukosa mbegu wakati wa masika ni kukosa chakula mwaka mzima.

"Wakesho, yale maboga. Nilikosea."

"Nami niliyaona yanavuka," akajibu Wakesho. "Nikaona uvivu kuyageuza."

Walitazamana, wakacheka hadi Majivu akainua kichwa.

Mghoi alirudi kwake, akagawa maharage yake ya mbegu nusu kwa nusu. Ili asizunguke tena, alitwaa panga akafyeka miiba, akapita na kapu kichwani. Siku hiyo walipanda bustani ya Wakesho, kesho yake ya Mghoi. Miiba wakaifanya kuni.

Mtoto mmoja wa Majivu alibaki kwa Wakesho akawamaliza panya. Majivu mwenyewe alikula katika nyumba zote mbili akanenepa ajabu. Majirani walipomwuliza Mghoi kwa nini hamzuii paka wake, aliwajibu kwa maneno matatu tu, na watu wakayachukua. Ndiyo maana hadi leo, ukimwona mtu amenuniana na jirani yake, kila mmoja akingoja mwenzake aanze, utasikia wazee wakimwambia:

"Nenda kabishe hodi. Paka hajui mpaka."