Bi Siwatu na Mgeni Asiyesindikizwa

Paukwa!

—Pakawa!

Wa kaskazini yupo?

—Yupo, na kanga yake imelowa!

Basi sogeeni. Nawe unayetafuna mahindi, tafuna polepole, sitaki kushindana na meno yako.

Hapo kale, katika kimji cha Kilimbo, kule kaskazini, aliishi mjane mmoja, Bi Siwatu. Mtoto wake wa pekee, Mwanakweli, alikuwa ameolewa kwa wafugaji, ng'ambo ya mto. Nyumba ilikuwa kimya mpaka Bi Siwatu akazoea kusalimiana na chungu. Mnacheka? Ngojeni yawakute.

Siku moja ikaja habari: "Mama, Ijumaa nakuletea mjukuu umwone. Jumamosi tunahama na mifugo, mbali sana." Bi Siwatu akafagia uwanja, akafagia tena.

Sasa, Kilimbo wana ada yao. Mgeni husindikizwa mpaka kwenye jiwe la mpakani. Asiposindikizwa, hajaondoka huyo, atarudi tu.

Jumatatu, hodi!

"Nani?"

"Mimi Jua."

Jua akaingia, akanywa uji, akaaga. Bi Siwatu akamsindikiza mpaka jiweni.

Jumanne, hodi!

"Nani?"

"Mimi Upepo."

Upepo hakutulia hata kitini. Akapekuapekua, akaaga, akasindikizwa.

Jumatano, hodi!

"Nani?"

"Mimi Mvua."

Lo! Huyo alijua kuzungumza! Akasimulia ya milimani, akamuuliza Bi Siwatu hali ya mgongo wake. Nani mwingine aliwahi kuuulizia mgongo ule? Uji ukapoa, hakuna aliyejali. Mvua alipoaga, Bi Siwatu akaketi palepale.

"Hunisindikizi, bibi?"

"Miguu inaniuma."

Mwongo! Alitaka arudi.

Naye akarudi. Alhamisi akarudi na ndugu zake wote, na Ijumaa asubuhi mto ulikuwa umefurika.

Bi Siwatu akakimbia mpaka mtoni. Ng'ambo alisimama Mwanakweli, mtoto kifuani.

"Mama!"

Maji yakavuma.

"Mama!"

Maji yakavuma.

Mara ya tatu hakuita. Alimfunua mtoto, akamwinua juu. Bi Siwatu aliona kichwa kidogo tu. Wa kike au wa kiume, hakujua. Wakatazamana weee, kisha Mwanakweli akageuka, akaenda zake.

Bi Siwatu alilia, jamani. Alilia mpaka akachoka. Kisha akarudi nyumbani, akasema, "Mvua, inuka nikusindikize."

"Nikienda, bibi, utabaki na nani?"

"Inuka."

Akamfikisha jiweni. Jumapili njia ilikuwa kavu kabisa, wala hapakuwa na mtu.

Tangu hapo hali ya hewa ya Kilimbo haitulii. Asubuhi ukungu, adhuhuri jua, alasiri upepo. Watu huanika na kuanua, huanika na kuanua, na juu ya hayo hulalamika. Ni Bi Siwatu huyo! Mgeni akimaliza uji tu, anaambiwa, "Inuka nikusindikize." Anataka njia iwe wazi, wafugaji wakirudi.

Upweke si kosa, jamaa zangu. Ila usimng'ang'anie aliyepo ukamfungia njia unayemngoja.

Hadithi yangu nimeisindikiza mpaka jiweni. Ikirudi, ipikieni uji nyinyi. Na wewe wa mahindi, hukunibakizia hata punje?