Ngumi ya Kombo

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitika kama kuku walionyeshewa? Paukwa!
Pakawa!
Haya. Masikio kwangu, maana sirudii.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji, na kijiji kilikuwa na desturi. Mama akifariki akaacha mtoto mchanga, siku ya saba mtoto alikatiwa kibuyu chake cha maziwa. Kibuyu kidogo, kinachoenea ngumi yake. Ngumi ikizama hadi chini, kimefaa. Wahenga walisema: tumbo la mtoto ni ngumi yake. Basi, kibuyu kimoja cha maziwa ya mbuzi kila mtoto akiamka. Hakizidi, hakipungui.

Mkata vibuyu alikuwa Bibi Sikujua. Mzee, mfupi, mkali wa macho na wa ulimi. Jina Sikujua, lakini akijua kitu alikwambia usoni.

Akazaliwa Kombo. Mama yake akafariki. Kombo akalelewa na shangazi yake, Mize. Bibi Sikujua akamkatia kibuyu, kisha akafunga mzigo, akaenda kumuuguza binti yake, mwendo wa siku nne.

Mwezi wa kwanza Kombo akanywa, akalala. Gu, gu, gu, kimya.
Mwezi wa pili akanywa, akalia.
Mwezi wa tatu akanywa, akalia, akalia, akalia. Ngaa! Ngaa! Ngaa!

Jirani wa Mize, Bi Tatu, akachungulia uani.
"Mize, mtoto huyo vipi?"
"Anakunywa kibuyu chake chote, dada."
"Chote? Au nusu ni chako?"
"Mimi! Niibe maziwa ya yatima?"
"Mimi sijasema. Ila mashavu yako yamenawiri, shoga."

Mize akaenda kwa Jumbe Mshangama, mkuu wa kijiji. Akapiga magoti.
"Baba, niruhusu nimwongezee. Japo funda moja."
Jumbe akaruka kama aliyekanyaga siafu. "Umwongezee? Kibuyu hakibadilishwi mpaka jino liote! Mtoto aliyekunywa kipimo chake na bado analia, anamlilia mama yake. Na maiti akiitwa, huja. Hatatukuta naye hapa. Kesho jua likizama, uwe umevuka mto, wewe na mtoto wako."

Ng'ambo ya mto hapakuwa na nyumba. Palikuwa na fisi.

Kesho ikafika. Jua likapanda. Ngaa! Ngaa! Jua likafika utosini. Ngaa... Jua likainama. Nge... nge... Kisha kimya.

Watu wakasema, "Afadhali, amenyamaza."

Afadhali! Wajinga wale. Mtoto akilia ana nguvu. Akinyamaza namna ile, ogopa.

Mize akambeba, akashika njia ya mtoni. Kijiji kizima nyuma yake. Hapo kivukoni nani anapanda ukingo, mzigo kichwani? Bibi Sikujua.

"Mnakwenda wapi kama watu wa msibani?"
Wakamweleza. Akamfunua mtoto, akamtazama midomo iliyokauka, akatua mzigo chini. Puu!
"Nipe kibuyu chake."

Akakishika kile kibuyu. Akaishika ngumi ya Kombo, akaisukuma. Haikuingia. Akaigeuza, akaisukuma tena. Haikuingia.

"Jumbe, unaona nini?"
"Ngumi haiingii."
"Na tumbo je?"
Jumbe akakinyooshea kibuyu kidole. "Lakini kibuyu hicho ulikikata wewe, bibi."
"Nilikikata mimi. Kilimfaa siku ile. Ngumi hupimwa kila mwezi ukiandama, nami huipima mwenyewe; safari hii nikaondoka bila kuwaambia. Nilidhani mnajua. Kosa langu hilo, nimelisema mbele ya watu. La kwenu mtalisema lini?"



Jua lilibaki upana wa vidole viwili.
"Leteni maziwa!"
Hakuna aliyesogea. Wanaogopa. Mtoto akifia kwenye maziwa yako, utasema nini?
"Akifa, nivusheni mimi nikaliwe na fisi. Maziwa!"

Mbio, mbio, mbio! Nani huyo? Bi Tatu, yule yule aliyesema mashavu yamenawiri, chungu mikononi, machozi yanamtiririka. Mize akakipokea, akataka kummiminia mtoto.

"Taratibu! Tumbo lililoshinda na njaa halimwagiwi. Funda kwanza."
Gu.
Wakangoja.
"Funda jingine."
Gu.
Wakangoja. Jua likagusa miti.
Kombo akafumbua macho, akakunja uso. Ngaa!

Watu wakarudi nyuma. Bibi Sikujua akacheka mpaka mwanya ukaonekana.
"Ndiyo hiyo niliyokuwa naisubiri. Anadai chake! Mpe tena."

Gu, gu, gu. Jua likazama, na mtu hakuvuka mto. Ile ngumi iliyokuwa imekazana tangu asubuhi ikalegea, kidole kimoja, kidole cha pili, hadi kiganja kikawa wazi. Akalala.

"Haya," akasema Bibi Sikujua, "mtoto aliyeshiba hufungua mkono. Mwezi ukiandama, mnaleta ngumi, nakata kibuyu. Kibuyu kitakua, na mara za kunywa zitapungua. Na wewe Jumbe, lipo neno unalodaiwa na Mize."
Jumbe akalisema. Kwa sauti ndogo, lakini akalisema.

Tangu siku hiyo, nyumba yenye yatima ilijulikana kwa vibuyu vilivyotundikwa ukutani, kidogo, kikubwa, kikubwa zaidi. Na Bibi Sikujua alipofariki, Kombo ndiye aliyeshika kisu chake cha kukatia vibuyu.

Kipimo kilikatwa kwa ajili ya mtoto. Mtoto hakuzaliwa kwa ajili ya kipimo. Aliyeelewa ameelewa.

Hadithi yangu imeishia hapo, ngumi ilipofunguka. Mwenye mtoto anayelia, ainuke akamtazame kwanza.