Miiko Mitatu ya Bi Auleria

"Kila chungu na mwiko wake." Mmeisikia leo jikoni kwa shangazi yenu, mkacheka, mkadhani ni habari za kupika tu. Afadhali mmekuja kuuliza. Wenzenu hucheka wakaenda zao, wakazeeka nalo hilo cheko. Kaeni basi, na wewe mwenye njugu acha kutafuna, maana sitapandisha sauti.

Methali hii ilianza hivi.

Enzi mkonge ulipokuwa mkonge, palikuwa na kambi moja upande wa Korogwe ikiitwa Kambi Saba. Watu wake walikuwa wametoka kila pembe: Wangoni, Wabena, Waha, Wamakonde, kila mmoja na lugha yake na dini yake na mila za kwao. Shambani hawakuwa na tofauti, kwa sababu mwiba wa mkonge haukuulizi kabila. Tofauti ilianza chakula kilipotengwa.

Hapo kambini aliishi mjane mmoja wa Kingoni, Bi Auleria Mapunda. Mwanamke mwembamba, maneno machache, shingo ngumu. Alijaliwa mtoto mmoja tu, Tekla. Tekla akaolewa na Hatibu, kijana wa Korogwe mjini, akasilimu, akapewa jina la Zaituni. Watu walingoja Bi Auleria alie. Hakulia. Alisema mwanangu ni yuleyule, hata mkimwita Jumatano.

Kilichoharibu mambo kilikuwa mwiko. Krismasi ya kwanza baada ya harusi, Bi Auleria aliwaalika wakwe zake. Alipika nguruwe na kondoo kwa ajili ya watu wa kambini, na kuku kwa ajili ya wakwe, tena kuku aliyechinjwa na Mwislamu. Akaona ametimiza. Lakini jikoni mlikuwa na mwiko mmoja, ule wa siku zote, na mwiko huo ulisonga huku ukakoroga kule. Bi Mwantumu, mama yake Hatibu, alikuwa amesimama mlangoni. Akaona. Alipoletewa sahani akaiweka chini.

"Mkwe mwenzangu, huli?" Bi Auleria akamuuliza.

"Mwiko wako umetoka kwenye nguruwe ukaingia kwenye kuku wetu."

Bi Auleria, kwa aibu na uchovu wa kuamka alfajiri, akajibu neno ambalo angetoa jino ili alirudishe. Alisema, "Si mwiko tu huo?"

"Ndiyo," Bi Mwantumu akasema. "Mwiko."

Mnasikia jinsi neno moja lilivyowatenga? Mmoja alitaja kijiti cha kukorogea, mwenzake akataja kitu ambacho mtu hawezi kukila akabaki kuwa yeye. Bi Mwantumu akajifunga ushungi, akaondoka na watu wake. Ikapita miaka saba. Tekla alikuwa akija peke yake kumsalimu mama yake, anakunywa maji, anarudi. Alizaa binti, Mwajabu, na binti akafika miaka sita bila kuonja hata tonge kutoka mkononi mwa bibi yake wa Kambi Saba. Hilo lilimkondesha Bi Auleria kuliko kazi ya shambani. Mjukuu unasikia habari zake kama za mtu wa nchi nyingine, na yuko mwendo wa asubuhi moja tu.

Mwaka wa saba, mvua za vuli zilipokatika, alivaa viatu akaenda Korogwe kwa miguu. Hakubeba zawadi, asije akaonekana anahonga. Akamkuta Bi Mwantumu anachambua mchele barazani.

"Nilisema neno baya nyumbani kwangu," akamwambia. "Nimekuja kulifuta. Na nimekuja kuuliza. Nifundishe mwiko wenu, nisikosee tena."

Bi Mwantumu akaendelea kuchambua mchele kwa muda. Kisha akamweleza: nyama ichinjweje, vyungu vya zamani vilivyokwisha kunywa mafuta ya nguruwe visitumike, na mwiko wenyewe uwe mwingine. Bi Auleria alisikiliza kama mtu anayefundishwa njia ya porini.

"Krismasi hii mtakuja?"

"Kuja tutakuja, mtoto anamtaka bibi yake. Kula ni jambo lingine."

Bi Auleria alirudi na jibu hilo, na njia nzima alikuwa anapanga. Kama ameuliza mwiko wa wakwe, kwa nini asiwaulize na wageni wake wengine? Akaanza na Katekista Ponsiano, ambaye daktari alimkataza chumvi kwa sababu ya presha. Halafu akaenda mwisho wa mstari wa nyumba, kwa Mzee Ntakije, Muha mmoja aliyekata mkonge mpaka mgongo ukapinda. Hakuwa na mke wala mtoto, na macho yake yalikuwa na ukungu. Kila Krismasi alialikwa, na kila Krismasi alikula ugali mkavu akisema nyama humchosha meno.

"Mzee wangu, mwiko wako ni upi?"

Mzee akamgeuzia uso. Kisha akasema ukoo wao hauli kondoo, wala kitu kilichogusana na kondoo, tangu babu wa babu zake. "Miaka thelathini niko kambi hii," akasema, "na ninyi sikukuu zenu zote hazikosi kondoo, na mwiko ni mmoja. Hakuna aliyepata kuniuliza."

Basi Bi Auleria akaingia kazini. Alisuka mikeka akabadilishana na mfinyanzi, akapata vyungu vitatu vipya. Akaenda kwa fundi wa vinu akachongewa miiko mitatu: mmoja una alama moja kwenye mpini, wa pili alama mbili, wa tatu tatu. Fundi akamwongezea kijiko kidogo cha mti, cha mtoto kuchezea, na Bi Auleria akakiviringisha kwenye kitambaa akamwekea Mwajabu. Kondoo wake na jogoo wake mmoja aliwapeleka kwa mzee wa msikitini wakachinjwa huko.

Jirani yake Apronia, ambaye walipika pamoja tangu ujana, alikuwa akimtazama na kucheka. "Auleria, wewe unapika au unafungua hospitali? Wape wote maharage, yaishe."

"Maharage wanayo kwao."

"Na hicho kisamvu bila chumvi? Hayo si majani ya mbuzi?"

"Kitiwe nazi ya kutosha. Na wewe ukae mbali na chumvi."

Siku ikafika. Baada ya misa wageni wakaketi uani kwenye mikeka. Hatibu na Zaituni walikuja, na katikati yao Mwajabu, anamkodolea macho bibi yake. Bi Mwantumu alikaa karibu na kizingiti cha uani, pale ambapo mtu anaweza kuinuka akatoka bila kuruka miguu ya watu. Alisalimia vizuri. Akasema, "Sisi tumekula nyumbani, msijisumbue." Zaituni akainamisha kichwa.

Jikoni, vyungu vitatu vilikuwa mekoni. Chungu cha kondoo, alama moja. Hicho kilikuwa cha wengi, na wakwe wakiwemo. Chungu cha jogoo wa Mzee Ntakije, alama mbili. Kisamvu cha katekista, alama tatu. Bi Auleria alikuwa anapakua wali. Apronia anakoroga kondoo asishike chini. Hapo chungu cha jogoo kikafurika, mchuzi ukamwagikia moto. Apronia ana mkono mwepesi, na mkono wa miaka thelathini hauulizi ruhusa. Akauchomoa mwiko kwenye kondoo, akautumbukiza kwenye jogoo, akakoroga mara mbili.

Kisha akautazama mpini. Alama moja.

Aliinua macho, akakuta Bi Auleria anamtazama.

"Umeona?" Apronia akanong'ona.

"Nimeona."

"Tone tu. Mzee mwenyewe haoni, na ulimi wake umekufa kwa tumbaku. Hatajua mpaka anaingia kaburini." Akazidi kusogea. "Fikiri basi. Ukisema, yule mama pale nje atajua kwamba jikoni kwako miiko bado inachanganyika. Ataondoka, na safari hii harudi. Utampoteza mjukuu kwa ajili ya jogoo?"

Sasa hapo ndipo pa kumtazama mtu. Apronia hakuwa mbaya, alisema kweli tupu. Kunyamaza kulikuwa rahisi, na kusema kulikuwa sawa na kumtolea Bi Mwantumu ushahidi wa kosa lilelile la miaka saba. Bi Auleria alisimama na upawa wa wali mkononi. Alimtaka yule mtoto. Akachungulia uani, akamwona Mzee Ntakije amevaa shati lililofuliwa likapigwa pasi, ameketi wima, anangoja nyama yake ya kwanza ya Krismasi katika kambi ile.

Akaweka upawa chini. Akakikamata chungu cha jogoo kwa matambara, akatoka nacho uani mbele ya watu wote, akakitua mbele ya mzee.

"Mzee wangu, hiki kilikuwa chako. Mwiko wa kondoo umeingia ndani yake sasa hivi. Hakikufai tena, na sina jogoo mwingine. Nisamehe."

Apronia alijificha uso kwa kanga. Mzee Ntakije akageuza macho yake yenye ukungu kuelekea sauti ilikotoka.

"Nani ameona?"

"Mimi."

"Mwanangu, ungenyamaza, ningekula."

"Najua, mzee. Niliwahi kusema ni mwiko tu. Sisemi tena."

Hapo Bi Mwantumu akainuka. Zaituni akamshika mama mkwe wake pindo la kanga, akaliachia. Watu wa kambi walioikumbuka Krismasi ile ya kwanza wakatazama chini. Bi Auleria alisimama palepale, hakumwita, hakumsihi. Alijiambia lililokuwa la kusemwa limesemwa.

Lakini Bi Mwantumu hakugeukia mlango. Alikaza ushungi, akajifunga kanga kiunoni, akapita katikati ya mikeka mpaka kwa Bi Auleria.

"Mayai unayo?"

"Ninayo manne."

"Na sufuria?"

"Ipo moja, ni ya chai. Haijapikiwa nyama."

"Na mwiko ambao haujaingia popote?"

Bi Auleria akafikiri. Akaingia ndani, akafungua kitambaa, akatoka na kile kijiko kidogo cha mti. "Nilimwekea Mwajabu," akasema.

"Mwajabu," Bi Mwantumu akamwita mtoto, "bibi yako anaazima kijiko chako amkaangie babu mayai. Unampa?"

Mtoto akatikisa kichwa kukubali, na alikuwa hajawahi kukiona hicho kijiko.

Mayai yakakaangwa kwa nazi na kitunguu, wakwe wawili wamechutama kwenye jiko moja. Mzee Ntakije akapelekewa, akala taratibu, na alipomaliza akafuta sahani kwa kidole. Bi Mwantumu akanawa mikono, akarudi mkekani. Safari hii alikaa katikati.

"Nilisema tumekula," akasema. "Sikusema tumeshiba. Tupakulie huyo kondoo."

Bi Auleria aliifinya pua yake kwa kanga mara mbili ndipo akaweza kupakua. Tonge la kwanza alilifinyanga mwenyewe, wali na mchuzi na kipande laini, akamtia Mwajabu mdomoni. Mtoto akatafuna, akafungua mdomo tena. Zaituni alilia bila kujificha, na Hatibu akajifanya moshi unamwingia machoni, ingawa upepo ulikuwa unaelekea kwingine.

Apronia, akitaka kufuta kosa lake, akakimbilia jikoni amletee katekista kisamvu. Akanyanyua mwiko wa kwanza uliomjia mkononi. Bi Mwantumu alimwona kwa jicho la pembeni, maana alishazoea kuutazama mlango ule.

"Apronia," akamwita, wala hakuinua sauti. "Kila chungu na mwiko wake."

Uani watu wakacheka, Apronia mwenyewe akiwa wa kwanza. Kisha kicheko kikapungua kidogokidogo, kwa sababu kila mtu alianza kulisikia lile neno kwa maana yake ya pili. Katekista akatazama kisamvu chake. Mzee Ntakije akasema polepole, "Kweli. Kila chungu." Akaishia hapo.

Kuanzia siku hiyo ikawa ndiyo kauli ya Kambi Saba. Mgeni akifika, kabla ya kuulizwa kabila au dini, aliulizwa mwiko wake. Waliohama kambi wakahama na kauli hiyo, ndipo ikafika mpaka kwa shangazi yenu, ambaye bibi yake aliitwa Apronia. Hilo hamkulijua.

Sasa tuseme ukweli. Hamkuja kuuliza kwa kupenda hadithi. Mmekuja kwa sababu shangazi aliwatoa jikoni. Yule mke mpya wa kaka yenu alisema kwao hawali dagaa, mkamtia dagaa chini ya mboga mwone kama atajua. Amekula, hakujua, na mmecheka sana.

Bi Auleria angeweza kucheka hivyo hivyo, na angempata mjukuu siku ile kwa uongo. Alichagua kumpoteza.

Inukeni. Nendeni mkamwambie mlichofanya, kwa midomo yenu wenyewe, kisha mmpikie upya. Na mkifika jikoni msianze kubishana ni mwiko upi wa kushika. Kila chungu na mwiko wake.