Mitalawanda ya Jini na Mahekalu Saba ya Shikharabadi

Mmenijia matumbo yameshiba, na wali nimeupika mimi, na vyombo nitaviosha mimi, na sasa mwataka na hekaya juu yake, kana kwamba mdomo wangu hauna kazi nyingine. Haya, kaeni. Atakayenikatiza ataosha masufuria.

Hapo kale, katika nchi ya Bara Hindi, alitawala Sultani Mudhafari katika mji wa Shikharabadi, mji uliojishika milimani kama mbuzi, na milima hiyo ilikuwa saba, na juu ya kila mlima palikuwa na hekalu la mawe na chemchemi yake, lililojengwa kabla babu wa babu yake Sultani hajajua kufunga kilemba. Farasi hawakuziweza ngazi zile, na punda walizikataa, maana punda ana akili. Basi maskini alipanda kwa miguu, na mkubwa alibebwa kwa machela na watu wanne, na wa mbele huwaitia wenzake mawe yaliyo njiani, "Jiwe kulia," nao humjibu, "Tumeliona," hivyo hivyo mpaka kileleni.

Hodari wa kuita mawe alikuwa Dhaniramu. Siku moja alimbeba Waziri Zorawari, mtu mzito wa mwili na mwepesi wa hasira, naye Waziri akasema, "Nyamazeni, nataka kulala." Wakanyamaza. Na jiwe lenye ukungu halikunyamaza, likamtelezesha Dhaniramu akavunjika mguu, na Waziri akabingirika mpaka sokoni akatua juu ya mavi ya ng'ombe, na soko zima likacheka. Hapo Dhaniramu akatiwa gerezani, na ikatoka hati yenye muhuri wa Sultani kwamba siku ya Ijumaa atatupwa gengeni kutoka juu ya mlima.

Na Sultani hakujua lolote, maana mwaka ule alikuwa amepofuka, na muhuri wake ulikaa kwa Waziri. Tabibu alisema dawa ni maji ya chemchemi zote saba, yatekwe siku moja kati ya macheo na machweo, na mbiu ikapigwa kwamba atakayeyaleta ataomba alitakalo, hata nusu ya milki. Mashababi wenye misuli walijaribu. Aliyefika mbali kabisa aliishia hekalu la tatu, akatapika.

Dhaniramu alikuwa na binti, Revati, kazi yake kulinda viatu mlangoni mwa hekalu la mlima wa kwanza, maana mahali pale haingii mtu na viatu. Alfajiri ya Alhamisi, siku moja kabla ya baba yake kutupwa, alikuja mgeni mrefu kuliko mlango, akavua mitalawanda yake, viatu vya mti mweusi, akasema, "Sina cha kukupa."

"Sijakuomba kitu, baba. Ingia, utaikuta."

Na alipoingia, binti akaona msuruaki mmoja, kile kijiti kishikwacho na vidole, umelegea, akaukaza kwa uzi wa ukaya wake wa kichwani, akafuta na tope. Mgeni alipotoka akauona ule uzi.

"Mimi ni jini Sharwanushi," akasema, "na miaka mia nne navua viatu milangoni pa watu, na mara zote huvikuta vimepigwa teke. Hakuna aliyewahi kunitengenezea. Ivae leo mpaka jua lizame, na kila hatua yako itakuwa mlima mzima. Sharti ni moja: kila mlango uivue, kama niivuavyo mimi niliye jini."

Jua lilipochomoza Revati akajaza kibuyu cha kwanza, akafunga vingine kiunoni, akainua mguu, na alipoukanyaga alikuwa mlima wa pili. Hekalu la tatu alikuta foleni ya mpaka adhuhuri, na kila mmoja akidai ametangulia. La nne lilikuwa na nyani, wakamwibia kibuyu, naye akawanyang'anya, akawazaba na kofi. Alipofika la sita ilikuwa alasiri, na Waziri Zorawari alikuwa kivulini pale akila halua, na wachukuzi wake wanne wamechuchumaa na njaa zao. Akamwona binti ashuka kutoka angani, na tamaa ya nusu ya milki ikamwingia. Na Revati alipoingia kuteka maji, Waziri akaivaa mitalawanda, huyoo, akaruka mlima wa saba ayateke maji yeye.

Binti alitoka akakuta mlango mtupu. Hakulia. Kulia hakupandi mlima. Mmoja wa wachukuzi akamwangalia, akasema, "Wewe si binti wa Dhaniramu?"

"Ndimi."

"Basi keti humu. Baba yako alituitia mawe miaka ishirini."

Wakamtia katika machela ya Waziri, wakatimua mbio bondeni na kupanda tena, "Jiwe kushoto," "Tumeliona," "Maji mbele," "Tumeyaona," na jua likishuka nao.

Sasa sikieni ujinga wa mwizi. Zorawari alipofika mlango wa hekalu la saba alikumbuka kuvua, na akili ikamwambia: ukivua, ataiba mtu. Kwa kuwa yeye ni mwizi, aliona wezi mpaka nyuma ya nguzo. Akaingia nayo. Unyayo ulipogusa kizingiti, mitalawanda ikamganda miguuni na kizingiti kikaishika, na Revati alipofika alimkuta amesimama mlangoni kama kabati.

"Binti yangu, nisaidie," akasema.

"Ngoja, bwana, nina haraka," akampita chini ya kwapa, na kibuyu cha saba kikajaa jua likiwa limebaki ukucha.

Sultani alipooshwa macho, kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa miguu ya Revati. "Ewe binti," akasema, "mwaka mzima gizani, na ninafunguliwa macho kwa matope?"

"Ni matope ya ngazi zako, maulana. Hazifagiliwi."

"Omba, hata nusu ya milki yangu."

"Nusu ya milki ina ngazi nyingi. Nampenda baba yangu, nipe yeye."

Hati ikaletwa, na Sultani akaapa hakuitia muhuri huo, na Dhaniramu akatolewa siku ile ile kwa ngoma na tarumbeta, na mlima mzima ukishangilia. Kisha mwana wa Sultani, Kamrani, akataka kumwoa Revati, naye akamwambia avue viatu kwanza, akazigeuza soli, akaona zimelika sawasawa. "Huyu hutembea mwenyewe," akasema, akamkubali, na harusi ikaliwa siku saba, siku moja kila mlima.

Na Zorawari? Jini alikuja jua lilipozama akambandua kizingitini, lakini mitalawanda haikumtoka, na nguvu zake za kuruka zikaisha ukabaki uzito. Akahukumiwa kumbeba mgongoni kila asiyejiweza wa Shikharabadi mpaka mahekalu yote saba, ndipo miguu yake ifunguke. Wa kwanza alikuwa Dhaniramu na mguu wake mbovu, naye alimwitia kila jiwe, kwa kuwa yeye hakuwa waziri. Baada yake wakajipanga vikongwe, hata ambao hawakuwahi kusali maishani. Alihesabu akaona wamebaki mia mbili, akafurahi. Asijue kwamba kila mwaka mji huzeesha wengine.